Siku Mbili Mvita: Historia ya Ukutani na ya Sahanini

Mara kwa mara washairi wa bara huniuliza: nikienda Mombasa mwisho wa juma, nile nini na nitazame nini? Mimi huwajibu kwamba maswali hayo mawili ni moja. Mji huu, ambao wenyewe huuita Mvita, umeiweka historia yake mahali pawili. Ukutani zimo habari za waliopigana. Sahanini zimo habari za waliokaa pamoja. Asomaye kuta peke yake huondoka na nusu ya kitabu.

Jumamosi asubuhi, anza na mahamri na mbaazi za nazi. Hamira iliyoumua unga ina asili ya Kiarabu; mbaazi ni zao la kale la Bara Hindi; tui zito lililozipika ni la pwani yenyewe. Bahari ya Hindi nzima imekutana katika kifungua kinywa kimoja, wala hapana aliyeshindwa.

Kisha nenda Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na njaa na maradhi vikawamaliza wengi waliokuwamo. Baadaye Wamazrui waliutawala mji hadi Sayyid Said wa Unguja alipowang'oa mwaka 1837. Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukiwa humo, lizingatie neno gereza. Latokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Pwani lilipata kuwa na maana ya ngome, na hata leo boma la Kilwa Kisiwani huitwa Gereza. Hatimaye likawa nyumba ya wafungwa. Neno moja limebeba sala, mizinga na pingu. Lakini Wareno hao hao walituachia pia meza na leso, nasi tunaandalia wageni juu ya neno lao pasi na kinyongo.

Mchana ule biriani ya Mji wa Kale. Jina ni la Kiajemi, likaja kwetu kwa njia ya Bara Hindi. Alasiri tembea vichochoro polepole, utazame milango iliyonakshiwa na roshani za mbao. Jioni nenda ufukwe wa Mama Ngina, penye mibuyu mikongwe, ule muhogo wa kukaanga kwa ndimu na pilipili. Muhogo na pilipili vyote asili yake ni Marekani ya Kusini na ya Kati, na safari za Wareno ndizo zilizovieneza Afrika. Mizinga yao imenyamaza, lakini pilipili ingali yawasha.

Jumapili iwe ya masikio. Pita Marikiti palipo na iliki, karafuu na mdalasini, kisha keti barazani unywe kahawa chungu kwa kashata au halua. Sikiliza. Mzee wa Kimvita atakwambia mtele, si mchele. Atasema kutinda, si kuchinja. Hiyo ndiyo lahaja aliyoitungia Muyaka bin Haji, mshairi wa zama za Wamazrui, aliyeimba vita na Unguja, biashara, na mapenzi. Tungo zake zingaliweza kupotea kama Mwalimu Sikujua asingezikusanya kutoka vinywani mwa watu, akisaidiana na W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19. William Hichens alizichapisha mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya mtunzi kufariki.

Ngome ina walinzi, na wataalamu wa kuitengeneza inapobomoka. Lahaja haina mlinzi ila msemaji wake, na kila niendapo nawasikia vijana wengi zaidi wakisema mchele. Kwa hiyo nawasihi washairi mwende na daftari. Andikeni jina la kila chakula kama mpishi alivyolitamka, muulizeni tui la kwanza huliitaje na la pili huliitaje, mwandike na siku na mtaa. Mwalimu Sikujua naye alianza kwa kuuliza tu.