Chuma na Njia ya Kusini-Magharibi

Tarehe 19 Mei 1879, masika yakiwa yanaishia, msafara wa watu wapatao 150 uliipa kisogo bahari ya Dar es Salaam na kushika njia ya Uzaramo. Mji wenyewe ulikuwa umechakaa. Sultani Majid aliyeuanzisha alifariki mwaka 1870, na Barghash aliyemrithi hakuutilia maanani. Msafara ulitumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kutafuta njia ya kufika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na kutoka hapo hadi Tanganyika. Mkuu wake, Keith Johnston, alikuwa Mskoti mchora ramani. Msaidizi wake, Joseph Thomson, alikuwa na umri wa miaka 21. Mnyapara wa wapagazi alikuwa James Chuma.

Nimeifuata sehemu ya kwanza ya mwelekeo huo kwa miguu, kupitia Temeke, Dar es Salaam. Ukitoka Mtoni kwa Aziz Ali unavuka Mto Kizinga, kisha unapanda Mbagala ambako mchanga mwepesi unameza kisigino kila unapoacha lami. Mbele, Kongowe, kuna Mto Mzinga. Leo ni safari ya daladala tu. Mpagazi wa wakati ule aliupita mchanga kama huu na mzigo wa kilo karibu 30 kichwani au begani: majora ya merikani, shanga, nyaya za shaba. Hizo ndizo zilizonunua posho na kulipia hongo kwa machifu wa njiani. Huku hakukuwa pori lisilo na mwenyewe. Wazaramo walikuwa na vijiji na mashamba yao, na njia walizijua. Ramani za London ndizo zilizokuwa tupu.

Wiki sita hazijatimia, Johnston akaugua kuhara damu. Alifariki Behobeho, kaskazini mwa Mto Rufiji, tarehe 28 Juni. Mchora ramani ametoweka kabla ramani haijaanza kujaa, na aliyebaki ni kijana ambaye hajawahi kuongoza msafara. Kwa wengi, safari ingeishia pale.

Lakini Chuma alikwisha kuyaona hayo. Alikuwa Myao, aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 akiwa bado mtoto. Baadaye alimtumikia mvumbuzi Livingstone. Bwana huyo alipofariki kwa chifu Chitambo mwezi Mei 1873, Chuma, mtumishi mwenzake Susi na wengine waliukausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mtu aliyewahi kushikilia msafara usio na bwana, katika nchi ya mbali zaidi, hakuwa wa kutishwa na kaburi la Behobeho. Alijua kugawa posho, kusuluhisha ugomvi wa kambini na kusimama mbele ya chifu akazungumza hadi njia ikafunguka. Thomson mwenyewe alimsifu waziwazi katika kitabu chake.

Msafara ukapita Mahenge na Uhehe, ukafika Nyasa, na Novemba mwaka huohuo ukaliona Ziwa Tanganyika. Ulikwenda hadi Mto Lukuga, ukarudi pwani kwa kupitia Tabora, na Julai 1880 ukafika Bagamoyo. Thomson alijivunia kwamba njia nzima hakuna bunduki iliyofyatuliwa kwa vita. Sifa hiyo ni ya Chuma pia, kwa kuwa amani ya safari hutengenezwa na anayejua kusema na wenyeji.

Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Thomson akapewa heshima za mvumbuzi, na swala wa Kenya na Tanzania akaitwa kwa jina lake hadi leo.

Treni ya TAZARA inayotoka stesheni yake hapo Temeke nayo hushika kusini-magharibi, inapita Kisaki, si mbali na Behobeho, na kuendelea hadi Mbeya. Kila mwanafunzi wa Temeke anayesikia honi yake angestahili kufundishwa kwamba karibu miaka 100 kabla ya reli, wapagazi walitoka pwani hii kwenda maziwa makuu na kurudi, chini ya mnyapara aliyenusuru safari mbili baada ya wakuu wake kufa. Jina la Chuma lianze kuandikwa kwenye historia ya wavumbuzi, mstari mmoja na Livingstone na Thomson.