Kelele, Mlio na Mvumo: Historia Fupi ya Kuisikiliza Giaboksi ya Otomatiki

Katika maandishi ya ufundi wa magari yanayofasiriwa kwa Kiswahili, neno "kelele" hutumikishwa kupita kiasi. Injini ikigonga, ni kelele. Beringi ikisagika, ni kelele. Pampu ikivuta hewa badala ya mafuta, hiyo nayo ni kelele. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba utambuzi wa kasoro za giaboksi ya otomatiki umejengwa juu ya kupambanua sauti. Mfasiri anayezikusanya sauti zote katika neno moja humnyang'anya fundi chombo chake cha kwanza cha kazi.

Na tuanze na giaboksi ya mkono. Katika miaka ya 1890, kampuni ya Panhard na Levassor ya Paris ilitengeneza magari ambayo gia zake zilisukumwa kwa mkono mpaka meno ya gia moja yaingie katika meno ya nyingine. Mwendo wa gia hizo usipolingana, meno yalikwaruzana, na dereva akalisikia kosa lake papo hapo. Mwaka 1928 magari ya Cadillac ya Marekani yalitokea yakiwa na kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla meno hayajakutana, nayo ilikuwa kazi ya mhandisi Earl A. Thompson. Tangu hapo mkwaruzo ulianza kuacha kuwa jambo la kila siku, ukawa dalili ya ugonjwa. Kwa hiyo sauti ile ile ilipata maana mpya kwa sababu mtambo ulikuwa umebadilika.

Njia ya pili ilikwisha kuonekana kabla ya hapo. Gari la Ford la Model T, lililotokea mwaka 1908, lilikuwa na gia ambazo meno yake yamekutana daima: gia ndogo ziliizunguka gia ya kati, na dereva alibadili mwendo kwa kukanyaga pedeli zilizokaza mikanda ya ndani. Katika gia ya chini meno hayo yalifanya kazi na sauti yake ikasikika. Katika gia ya juu mtambo wote ulifungamana ukazunguka kama kitu kimoja. Meno hayakusuguana tena, na sauti yake ikakoma. Twaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana ndilo msingi wa utambuzi tutakaoueleza hapa chini.

Njia ya tatu ilitoka baharini. Mwaka 1905, Hermann Föttinger, mhandisi wa kiwanda cha meli cha Stettin, Ujerumani, mji ambao siku hizi ni Szczecin wa Poland, alipata hataza ya chombo cha kupitisha nguvu kwa njia ya kimiminiko. Turbini za meli zilizunguka kwa kasi mno, ilhali pangaboi lilitaka mwendo wa pole. Föttinger aliweka magurudumu yenye mapanga yakielekeana ndani ya kimiminiko. Gurudumu la kwanza hukisukuma, nacho humsukuma mwenziwe. Hapana jino linalogusa jino.

Njia hizi mbili za mwisho zilikutana mwaka 1939, kampuni ya General Motors ilipotangaza giaboksi ya Hydra-Matic kwa magari ya Oldsmobile ya 1940. Aliyeongoza kazi hiyo ni Thompson yule yule. Giaboksi ile ilikuwa na gia nne za kwenda mbele, na haikuhitaji pedeli ya klachi. Mwaka 1948 magari ya Buick yalifuata na Dynaflow, ambayo chombo chake cha mafuta hakikupitisha nguvu tu, bali kiliizidisha. Chombo cha namna hii twapendekeza kiitwe "kigeuza-nguvu".

Hapa ndipo kazi ya kusikiliza ilipokuwa ngumu. Fundi wa giaboksi ya mkono alikuwa na gia na beringi za kusikiliza. Fundi wa otomatiki ana pampu, kigeuza-nguvu, gia za kuzungukana na mafuta yanayopita kila mahali, na vyote vimefungwa katika ganda moja. Haoni ndani. Njia yake ni kuuliza: sauti husikika lini, na hukoma lini?

Kwanza hupima mafuta: kiasi chake, rangi yake na harufu yake. Mafuta yakipungua, pampu huvuta hewa na kulia kwa sauti nyembamba, na dawa yake huenda ikawa kuyaongeza tu na kutafuta yanakovuja. Mafuta yakiwa sawa, husikiliza gari likiwa limesimama. Sauti inayosikika katika kila nafasi ya mkono wa gia, na kupanda pamoja na mwendo wa injini, aghalabu ni ya pampu. Sauti inayosikika gia ikiwa imeingia na breki zimekanyagwa, kisha ikatoweka katika gia huru, humwelekeza kwenye kigeuza-nguvu, kwa kuwa katika gia huru magurudumu yake huzunguka karibu sawasawa, ilhali gari lililozuiliwa kwa breki hulisimamisha gurudumu moja.

Baadaye huliendesha. Sauti ikisikika katika gia ya kwanza na ya nyuma, kisha ikanyamaza katika gia ile ambayo mtambo wote huzunguka kama kitu kimoja, kasoro ni ya gia za kuzungukana, kama tulivyoona katika Model T. Katika giaboksi nyingi za zamani zenye gia tatu, gia hiyo ilikuwa ya tatu. Katika giaboksi za leo zenye gia nyingi zaidi, fundi hana budi kuijua gia hiyo, ikiwa ipo. Sauti ikifuata mwendo wa gari bila kujali gia iliyoingia, atazame difu na beringi za magurudumu. Ama kugonga wakati injini inaunguruma polepole, pengine ni bolti zilizolegea baina ya injini na kigeuza-nguvu, na wengi hudhani injini imekufa.

Sasa na tuirudie lugha. Kitabu kikisema "kelele" mahali pote pale, fundi ataishusha giaboksi nzima kwa ajili ya kibaba cha mafuta, na mwenye gari atalipa. Kiswahili hakikosi maneno. Aghalabu kelele hupigwa na watu. Chombo hutoa mlio. Kwa hiyo twapendekeza "mlio" liwe jina la jumla, na chini yake "mluzi" kwa sauti nyembamba ya pampu, "mvumo" kwa sauti ya gia inayopanda na kushuka na mwendo, "mngurumo" kwa sauti nzito ya beringi, "mkwaruzo" kwa chuma kinachosuguana na chuma, na "kugonga" kwa pigo linalorudiarudia. Maneno haya mtoto wa shule anayajua. Kinachohitajika ni kuyapa mipaka.

Kadhalika, Waingereza walipozipa jina gia za kuzungukana walitazama angani. Nasi tunazo "gia jua" ya katikati na "gia sayari" zinazoizunguka. Ile ya nje yenye meno upande wa ndani yafaa iitwe "gia pete". Mwanafunzi akisikia majina hayo huona mtambo akilini kabla ya kuufungua.

Jambo la mwisho ni "mafuta ya gia". Mwaka 1949 General Motors iliweka kipimo maalumu cha mafuta ya otomatiki, kwa sababu mafuta hayo huendesha vali, hupitisha nguvu na huzifanya klachi za ndani zishike ipasavyo. Mafuta mazito ya giaboksi ya mkono hayawezi kazi hiyo. Mfasiri akiyaita yote "mafuta ya gia", msomaji mtiifu atayatia yasiyofaa na kuiua giaboksi iliyokuwa nzima. Na yasemwe "mafuta ya otomatiki", hata ikiwa neno litazidi urefu.

Twatoa rai hii kwa wafasiri, kwa walimu wa vyuo vya ufundi, na kwa maofisa wanaoandika taratibu za matengenezo ya magari ya serikali: kabla ya kuandika jina la mlio, waende gereji wakausikilize, na wamwulize fundi anauitaje.