Jina: Watasema. Aina: Kienyeji

Siku ya chanjo ya mbwa katika vijiji vya Mgeta, milimani Uluguru, huisikia kabla hujaiona. Mbwa ambao mwaka mzima hawajui kamba wanaburutwa na watoto kwa katani, kwa mkanda wa suruali, kwa kipande cha kanga, wanateremka katikati ya matuta ya kabichi wakibwekeana mpaka milima inaitikia. Bwana mifugo kakaa chini ya mti, boksi la barafu miguuni, anajaza vyeti.

"Anaitwa nani?"

Mtoto anatazama chini. "Watasema."

Anayefuata ni Mtanikoma, na nyuma yake Hayawahusu. Majina haya wanapewa mbwa, lakini yanatumwa kwa jirani. Mama akisimama mlangoni jioni kumwita mbwa wake aje ale ukoko, mlengwa anasikia na hana pa kwenda kushtaki. Bwana mifugo anaandika bila kutabasamu. Jinsia: dume. Rangi: hudhurungi, baka jeupe kifuani. Umri anakisia. Kisha unakuja mstari wa aina, na hapo haulizi mtu. Anaandika "kienyeji", cheti baada ya cheti.

Mstari huo ambao Uluguru hujazwa bila kufikiri, Uingereza umewafikisha watu mahakamani kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1991, baada ya watu kadhaa kuraruliwa, Waziri wa Mambo ya Ndani Kenneth Baker alipeleka bungeni, tena kwa haraka, Sheria ya Mbwa Hatari. Aina nne zilipigwa marufuku: pit bull terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Mbwa hakuhitaji kung'ata mtu ili awe na kesi. Na kwa kuwa pit bull hana ukoo ulioandikwa katika daftari rasmi la mbwa la nchi hiyo, ikabidi atambuliwe kwa umbo, polisi wakawa wanapima kichwa, kifua na miguu. Orodha ikarefuka baadaye: tangu tarehe 1 Februari 2024, kufuga XL Bully bila kibali maalumu huko England na Wales ni kosa la jinai. Uholanzi ilikwenda kinyume. Ilikuwa na marufuku yake ya pit bull, ikaifuta mwishoni mwa miaka ya 2000 baada ya kuona watu wanang'atwa vilevile.

Sisi sheria zetu zimepita njia nyingine, na chanzo chake ni cha zamani.

Kabla ya sheria za kigeni alitangulia mbwa wa kigeni. Pengine anayejulikana zaidi kuwahi kupita chini ya Milima ya Uluguru aliitwa Omar. Alikuja na Henry Morton Stanley mwaka 1871, msafara ulipokuwa unakwenda kumtafuta Livingstone. Kazi yake ilikuwa kulinda hema. Walipita Simbamwene, ngome ya mawe iliyoanzishwa na Kisabengo na ambayo wakati huo ilitawaliwa na binti yake, hapa hapa ulipo mji wa Morogoro leo. Mbele yao lilikuwepo bonde la Makata, limefurika kwa masika. Omar aliugua tumbo, akafa kabla msafara haujafika Rehenneko. Mbwa wa wenyeji wa bonde hilo, waliozoea matope na mbung'o, Stanley hakuwaandikia maombolezo.

Waingereza walipochukua Tanganyika hawakuleta orodha ya mbwa. Walileta sheria yao nzima, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na ndani yake mkawa na kanuni ya ajabu kidogo: mbwa akikung'ata, ukitaka fidia uthibitishe kwamba mwenye mbwa alijua mbwa wake ni mkali. Ndiyo maana wanasheria walizoea kutania kwamba kila mbwa ana haki ya kung'ata mara moja. Kondoo alikuwa na hali nzuri zaidi. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1906, mwenye mbwa alitakiwa kulipa mfugo ulioraruliwa bila kuulizwa alijua au hakujua. Mtu aliyetolewa nyama ya paja ilibidi atafute mashahidi.

Upande wa jinai kulikuwa na afadhali. Kanuni ya Adhabu ya India, iliyotumika hapa hadi mwaka 1930, ilimbana aliyeshindwa kumdhibiti mnyama wake, na wazo hilo limebaki katika kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu tunayoitumia leo: ukiacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama uliyenaye, una kosa. Mnyama yeyote. Fahali, nyani wa kufugwa, mbwa wa kienyeji, mbwa wa dola elfu moja. Kwa maoni yangu kifungu hicho kina akili kuliko ile sheria ya 1991, ingawa ni watu wachache mno wanaokumbuka kwamba kipo.

Kilichozitia serikali hofu hapa kilikuwa mate. Kichaa cha mbwa kilianza kuripotiwa Tanganyika katika miaka ya 1930, na kuanzia hapo mbwa akawa suala la bwana mifugo na bunduki. Mbwa mwenye kola na mwenye kumjibia aliachwa. Asiye na kola alipigwa risasi au aliwekewa nyama yenye sumu alfajiri, na watoto wakienda shule walimkuta mtaroni, miguu imekakamaa. Waliokulia mitaa ya Morogoro kama Mji Mpya au Kilakala na sasa wana mvi hawahitaji kuelezwa.

Hapo ndipo ninapobishana na wanaosema Tanzania haijawahi kuwa na sheria ya aina ya mbwa. Orodha tulikuwa nayo, yenye jina moja: koko. Koko ni kichaka, na mbwa koko ni yule wa vichakani, asiye na kwao. Lakini tazama mtaani utaona neno limehama. Mbwa yeyote mwenye mkia uliopinda na rangi ya vumbi ni koko, hata awe na mwenyewe, hata awe na cheti. Wengi wa waliokufa kwa sumu walikuwa na nyumba. Walikuwa wametoka tu kutembea, kama mbwa wa kijijini anavyotembea. Polisi wa London walipima kichwa. Huku tulitazama mkia.

Na Mluguru hafugi mbwa kwa mapambo. Mahindi yakibeba, nguruwe pori hushuka usiku na nyani hushuka mchana, na shamba lenye mbwa wawili linavunwa. Hata Muislamu anayechunga udhu wake anafahamu kwamba mbwa wa kulinda na wa kuwindia ana ruhusa yake. Serikali ndiyo haitaki mbwa msituni: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa mbwa, na msitu wa juu ni hifadhi. Kwa hiyo mbwa yuleyule ni mlinzi chini ya mpaka, na juu ya mpaka ni silaha haramu.

Sumu ilishindwa. Watafiti walichapisha hesabu mwaka 2002 wakikadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua takriban watu 1,500 kwa mwaka nchini, wakati taarifa rasmi za miaka ya 1990 zilikuwa zinataja kumi na kitu tu. Wengine wote walifia nyumbani, wakiogopa maji, wakidhaniwa wamerogwa. Ukiua mbwa wa mtaa, wengine huhamia, na waliobaki huzaa. Kinachofaa ni kuchanja mbwa 70 kwa mia, mwaka hadi mwaka. Kuanzia mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Gates Foundation, lilijaribu hilo katika wilaya 28 za kusini-mashariki pamoja na Pemba, Morogoro ikiwamo. Kipindi hicho tayari kulikuwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inamtaka mtu amtunze mnyama wake na inakataza kumtesa.



Sasa mambo yanabadilika mageti yanapoongezeka. Ukipita mitaa ya Kihonda au Forest mjini Morogoro jioni utaona bati lenye maandishi mekundu, "Mbwa Mkali", na nyuma yake sauti nzito ambayo si ya Watasema. Ni Rottweiler, ni Boerboel wa Afrika Kusini, ni German Shepherd waliochanganywa. Na hoja za huko nje zinakuja pamoja nao. Falme za Kiarabu, wanakofanya kazi vijana wetu wengi, zilipiga marufuku pit bull na wenzake kwa sheria ya mwaka 2016. Afrika Kusini, baada ya vifo vya watoto mwaka 2022, maelfu walitia saini kutaka pit bull apigwe marufuku. Wapo wanaotaka na sisi tuandike orodha.

Tatizo la kwanza litakuwa nani ataijaza. Mgeta wanajua mbegu ni nini. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kiliwapelekea mbuzi wa maziwa wa Kinorwe na hadi leo mfugaji anaweza kukuelezea damu ya mbuzi wake kwa robo na nusu. Ila mbuzi hulala bandani. Mbwa wa geti la Kihonda, mlinzi akisahau komeo usiku mmoja, anarudi alfajiri. Miezi miwili baadaye, mtaa wa pili, kuna watoto sita chini ya kibanda cha mama ntilie, wawili wana vichwa vipana kama chungu. Mmoja alichukuliwa na mtu wa Nyandira, huko Mgeta, akapanda naye kwenye Noah, amefungwa ndani ya kiroba.

Siku ya chanjo aliletwa kwa mnyororo wa baiskeli. Jina: Mtajiju. Bwana mifugo alimtazama kichwa, akamtazama mkia, akashika kalamu muda kidogo. Akaandika kienyeji, akachoma sindano, akaita mwingine.