Kiwanda kilipoacha kuwa mwenye nyumba

Kwa takriban miaka 40, mfanyakazi wa kiwanda cha serikali nchini China hakuzunguka mitaani kutafuta chumba wala hakumlipa dalali. Alipanga foleni. Kamati ya nyumba ya kiwanda ilimhesabia pointi: amefanya kazi miaka mingapi, ana cheo gani, ameoa au bado, ana watoto wangapi, kwa sasa amebanana na nani. Orodha ilibandikwa ukutani kila mtu aisome, na hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Aliyekosa alirudi kwenye mashine yake kusubiri jengo jingine likamilike, huku akijua kwamba akihama kiwanda, na nafasi yake kwenye foleni imekwenda.

Mfumo huo uliitwa danwei, yaani kitengo cha kazi, na ndio uliobeba maisha ya mijini tangu Chama cha Kikomunisti kishike dola mwaka 1949. Danwei haikuwa mwajiri tu. Kiwanda cha Kwanza cha Magari cha Changchun, kaskazini mashariki mwa nchi, kilianza kujengwa mwaka 1953 kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, na kufikia 1956 kilikuwa kimetoa lori lake la kwanza. Pamoja na karakana zilijengwa kota za wafanyakazi, shule, zahanati, mabwalo ya chakula na maduka. Katika mji wa namna hiyo mtoto aliweza kuzaliwa, kusoma na kukua bila kutoka nje ya himaya ya kiwanda, na mzazi akistaafu, mara nyingi mtoto ndiye aliyechukua nafasi yake kazini.

Kota zenyewe hazikuwa za kifahari. Nyingi zilikuwa majengo yenye korido moja ndefu na vyumba huku na huku, familia moja chumba kimoja. Choo na bomba la maji vilikuwa vya pamoja, mwisho wa korido. Majiko yalipangwa nje ya milango, na kando ya kila jiko palirundikwa matofali ya mviringo ya makaa ya mawe yaliyotobolewa matundu. Jioni korido nzima ilijaa moshi na mvuke, na hakuna aliyeweza kumficha jirani anachopika.

Kodi ilikuwa kama haipo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, wastani wake mijini ulikuwa takriban senti 13 za yuan kwa mita moja ya mraba kwa mwezi, kiasi ambacho hakikutosha hata kuziba paa linalovuja. Pengo hilo lilizibwa na kiwanda. Bomba likipasuka, aliyekuja ni fundi wa kiwanda, na taa ya ngazi ikiungua ilibadilishwa kwa fedha za kiwanda. Hakuna mkaazi aliyeletewa ankara ya ulinzi au usafi.

Lakini rahisi ghali. Katika hesabu za mipango ya taifa, nyumba ziliwekwa fungu la matumizi yasiyozalisha, kwa hiyo fedha zilikwenda kwanza kwenye vinu vya chuma na mitambo. Watu wa mijini wakaongezeka, vyumba visiongezeke kwa kasi hiyo. Mwaka 1978 nafasi ya kuishi mijini ilikuwa wastani wa mita za mraba 3.6 kwa mtu, pungufu ya ile ya mwanzoni mwa Jamhuri. Vijana waliooana waliendelea kulala mabweni tofauti, na familia zikabanana vizazi vitatu katika chumba kimoja.

Aprili 1980 Deng Xiaoping akatamka jambo ambalo miaka michache nyuma lingemtia mtu matatani: wananchi wa mijini waruhusiwe kununua nyumba na hata kujijengea, na kodi ipandishwe ili kununua kuwe na maana. Mwaka 1982 miji minne, Zhengzhou, Changzhou, Siping na Shashi, ikapewa jaribio. Mnunuzi alipe theluthi moja ya bei, mwajiri theluthi, na serikali ya mji theluthi iliyobaki. Jaribio halikufika mbali. Mwenye kota ya senti chache aliona hana sababu ya kutoa akiba yake kununua anachokaa karibu bure, nao waajiri waliona mzigo wao umezidi badala ya kupungua.

Njia nyingine ilifunguka kusini, Shenzhen, katika ukanda maalumu wa uchumi unaopakana na Hong Kong. Mji ulikuwa na ardhi bila fedha, na wafanyabiashara wa Hong Kong walikuwa na fedha bila ardhi. Kwa ubia wa pande hizo mbili yakajengwa makazi ya Donghu Liyuan, yaliyouzwa kwa watu wa Hong Kong. Wanunuzi hao walizoea jengo lenye mlinzi getini, mfagiaji kwenye ngazi na ofisi ya kupeleka malalamiko, na walikuwa tayari kuvilipia kila mwezi. China bara haikuwa na mtu wa kazi hiyo, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa ya viwanda. Machi 1981 ikaundwa kampuni ya usimamizi wa majengo ya Shenzhen, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake tangu 1949.

Ardhi ndiyo iliyokuwa kizuizi kikubwa zaidi. Katiba ilikataza kuiuza, kuikodisha au kuihamisha kwa namna yoyote. Hata hivyo, tarehe 1 Desemba 1987, Shenzhen ilifanya mnada wa hadhara. Kilichonadiwa ni haki ya kutumia kiwanja cha mita za mraba 8,588 kwa miaka 50, huku ardhi yenyewe ikibaki ya dola. Kampuni 44 zilijitokeza. Bei ilianzia yuan milioni 2, na baada ya dakika 17 nyundo ikagongwa kwa yuan milioni 5.25. Aprili 1988 Katiba ikarekebishwa kuhalalisha kile ambacho mnada ulikuwa umekwisha kukifanya.

Katika mji huohuo ilikuwapo kampuni iliyoanzishwa mwaka 1984 na Wang Shi, ambayo kabla ya kugusa nyumba ilikuwa ikiuza vifaa vya elektroniki kutoka Japani. Leo inajulikana kama Vanke. Katika biashara yake ya awali ilikuwa imejifunza kwamba mteja anakumbuka zaidi anavyohudumiwa baada ya kununua, na ikaufanya usimamizi wa makazi kuwa sehemu ya jina lake. Mwaka 1991, katika makazi yake ya Tianjing, wenye nyumba walichagua kamati yao ya kuketi meza moja na wasimamizi. Kamati hiyo inatajwa kuwa ya kwanza China bara.

Mwaka huohuo Shanghai iliiga mfano wa Singapore na kuanzisha mfuko wa akiba ya nyumba: mfanyakazi akatwe asilimia 5 ya mshahara, mwajiri aongeze kiasi hichohicho, na fedha zisitumike ila kwa makazi. Mfuko huo ukaenea nchi nzima. Kisha mwezi Julai 1998, Waziri Mkuu akiwa Zhu Rongji, Baraza la Serikali likaagiza kwamba kuanzia nusu ya pili ya mwaka huo viwanda na ofisi ziache kugawa nyumba. Zilizokwisha kugawiwa ziuzwe kwa waliomo, na atakayehitaji nyingine aende sokoni.

Agizo hilo lilikuja wakati viwanda vya serikali vikipunguza watu kwa mamilioni. Kwa hiyo wengi walipoteza kazi na kupata hati ya nyumba ndani ya miaka michache. Bei ilikuwa nafuu, na miaka ya utumishi ilizidi kuipunguza. Hati hiyo ikawa ndiyo mali kubwa kuliko zote ambayo familia za mijini ziliwahi kumiliki.

Kilichouzwa, hata hivyo, kiliishia mlangoni. Ngazi, paa, mabomba ya chini kwa chini, ua na geti vilikuwa vya wote, na fundi aliyevitunza alikuwa mwajiriwa wa kiwanda ambacho sasa kilikuwa hoi au kimefungwa. Watu waliokaa karibu bure maisha yao yote waliambiwa walipe ada ya kufagiliwa ngazi, na wengi hawakuona kwa nini. Makazi mapya nayo yalikuwa na shida ya namna yake. Kampuni ya usimamizi ilichaguliwa na mjenzi kabla nyumba hazijauzwa, na mara nyingi ilikuwa kampuni tanzu ya mjenzi huyohuyo. Mwenye nyumba akilalamikia ukuta uliopasuka, alimlalamikia mtoto kuhusu baba yake.

Ugomvi ukachukua sura iliyozoeleka katika miji mingi. Mkaazi asiyeridhika anagoma kulipa ada. Kampuni ikikosa fedha inapunguza walinzi na wafagiaji, na huduma ikizorota, jirani wa pili naye anagoma. Baadhi ya kampuni zilijibu kwa kukata maji au umeme. Baraza la Serikali lilitoa kanuni za usimamizi wa majengo zilizoanza kutumika Septemba 2003, zikiwapa wenye nyumba haki ya kukutana, kuchagua kamati na kuifukuza kampuni. Sheria ya Mali ya mwaka 2007 ikazipa haki hizo mizizi.

Kuwa na haki kwenye karatasi ni jambo moja, kupata kura ni jingine. Chukua mfuko wa matengenezo makubwa. Mnunuzi huchangia mara moja, kwa kiwango cha asilimia 5 hadi 8 ya gharama ya ujenzi kwa kila mita ya mraba, na fedha huwekwa benki zikisubiri siku lifti itakapochoka. Sheria ya 2007 ilitaka theluthi mbili ya wenye nyumba wote wakubali kabla senti haijatolewa. Katika jengo lenye mamia ya nyumba, ambako wengine wamepangisha na wengine wako mji mwingine, kura hizo hazikupatikana. Lifti ilikwama, na fedha za kuitengeneza zilikuwapo benki. Kanuni ya Sheria za Kiraia, iliyoanza kutumika Januari 2021, ililegeza fundo hilo: theluthi mbili wapige kura, na zaidi ya nusu yao wakubali. Ilipiga marufuku pia kumkatia mdaiwa maji, umeme, gesi au joto. Na mapato ya matangazo yanayobandikwa ndani ya lifti, yakishatolewa gharama, ilitamka kuwa ni ya wenye nyumba.

Wakati huo wafagia ngazi walikuwa wamekwisha kuingia soko la hisa. Kampuni ya usimamizi wa majengo ya Colour Life ilijiorodhesha Hong Kong mwaka 2014, na nyingine zikafuata. Wawekezaji walizipenda kwa sababu ada huingia kila mwezi hata nyumba mpya zisipouzwa. Uhakika huohuo uliwavutia na wajenzi wenye madeni. Machi 2022 kampuni ya huduma ya mjenzi Evergrande ilitangaza kwamba yuan bilioni 13.4 zilizokuwa katika akaunti zake zilikuwa zimewekwa rehani, na kwamba benki zimezichukua. Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru kampuni mama ifilisiwe.

Nazo kota za zamani hazikuachana na viwanda kwa siku moja. Mwaka 2016, miaka 18 baada ya agizo la Zhu, serikali ilikuwa bado ikizitaka kampuni za umma zikabidhi maji, umeme, joto na usimamizi wa kota kwa miji na makampuni ya huduma, na kazi ikamilike kufikia mwisho wa 2018. Katika miji ya migodi na chuma, wastaafu waliona kwa mara ya kwanza ankara ambazo kiwanda kilikuwa kikiwalipia kimyakimya.

Sasa zamu ni ya lifti. Majengo mengi ya ghorofa sita ya enzi ya danwei hayakujengewa, na waliogawiwa nyumba hizo wakiwa vijana wamezeeka ndani yake. Mwaka 2020 serikali kuu ilitoa mwongozo wa kukarabati makazi yaliyojengwa kabla ya mwisho wa mwaka 2000, na miji mingi inatoa ruzuku ya kufunga lifti. Ruzuku haimalizi maneno. Wa ghorofa ya sita anaitaka hata kesho, na wa chini anasema itamzibia mwanga. Mapatano ya kawaida ni kwamba mchango unaongezeka kadiri mtu anavyokaa juu, na wa chini halipi kitu au hulipwa fidia. Zamani kamati ya kiwanda ingepitisha uamuzi huo kwa muhuri mmoja. Siku hizi majirani hugongeana milango na kubishana mpaka saini zitimie, na bila saini hizo fundi hapandi.