Pumu ku masomo: mashine ya aerosoli, pompi na chupa ya plastiki

Mtoto akikosa pumzi ku masomo, kitu cha kwanza ambacho watu wengi wanafikiri ni mashine ya aerosoli. Ni ile mashine ndogo ya umeme, yenye mpira na maski, inayosukuma hewa ndani ya dawa ya maji na kuigeuza kuwa ukungu mwembamba ambao mtoto anavuta polepole. Wazazi waliiona hospitalini. Mtoto alifika akihema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo, na nusu saa nyuma yake alikuwa anaomba chakula. Ndiyo maana mzazi mwenye mtoto wa pumu anauliza: masomo itapata wapi mashine kama hiyo? Swali ni la haki. Lakini kwa masomo nyingi za mashariki, jibu haliko kwenye mashine.

Pumu, ile ambayo wengi wanaita kwa Kifaransa asthme, ni ugonjwa wa njia ndogo za pumzi ndani ya mapafu. Njia hizo zinavimba, misuli inayozizunguka inakaza, makamasi yanajaa, na hewa inapita kwa shida, hasa wakati wa kutoka. Ndiyo sababu kifua kinalia kama filimbi. Haiambukizi. Si kifua kikuu, na si kazi ya jirani mwenye wivu. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455.000 walikufa nayo, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo, kule ambako dawa haifiki mkononi kwa wakati.

Na huku mashariki, vitu vya kuamsha pumu havikosi. Kuna moshi wa makala jikoni asubuhi, mafua ya msimu wa mvua, baridi ya vilima vya Kivu saa kumi na mbili. Goma iko na vumbi jeusi la mawe ya volkano, lile la Nyiragongo iliyolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, ambalo kila moto inapopita linapanda hadi dirishani. Ndani ya kalasi kuna chaki. Kuna pia siku ya kufagia: mtoto wa pumu anapewa ufagio kama wengine, kalasi haikumwagiwa maji kwanza, na kabla ya kengele ya pili kifua kimeshakaza. Kumwaga maji kidogo kabla ya kufagia ni dawa isiyouzwa popote.

Turudi kwa mashine. Inahitaji umeme, na masomo nyingi hazina, ao zinao saa zingine tu. Kila dawa inachukua dakika 5 hadi 10. Maski na kikombe vyake vinapaswa kuoshwa na kukaushwa kila mara, la sivyo mtoto wa pili anavuta vijidudu vya wa kwanza. Tena ukungu unatoka pembeni ya maski na kuenea chumbani pamoja na pumzi ya mgonjwa. Wakati wa Covid, mwaka 2020, wataalamu wa pumu duniani walishauri mashine hizi ziepukwe pale inapowezekana, kwa sababu hiyo hiyo. Chumba cha kalasi chenye watoto wamebanana si mahali pake.

Pompi ya salbutamol, ile ya rangi ya buluu ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ventoline, iko na dawa ile ile. Hapa hesabu inawachanganya watu. Mashine inawekewa miligramu 2,5 kwa mtoto mdogo ao 5 kwa mkubwa, na pompi inatoa mikrogramu 100 tu kwa kila mpulizo, ni kusema miligramu 0,1. Mzazi anaona pompi ni kitu kidogo. Kumbe sehemu kubwa ya dawa ya mashine inabaki kikombeni ao inapotea hewani. Tafiti nyingi zilizolinganisha njia hizi mbili zilionyesha kwamba, kwa shambulio ambalo halijafika hatua ya kutishia maisha, pompi inayovutiwa kupitia chombo cha kati inafanya kazi sawa na mashine. Kwa watoto hata inawatoa mapema katika chumba cha dharura, na moyo wao haupigi mbio sana.

Neno kubwa hapo ni chombo cha kati. Mtoto akipuliziwa pompi moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi inagonga koo na ulimi, haifiki kifuani. Ndiyo maana wengine wanasema, "pompi haimsaidie mtoto wangu." Chombo kinashika ukungu wa dawa ndani, mtoto anauvuta kwa pumzi zake za kawaida. Kile cha dukani ni bei, na mara nyingi hakipatikani. Lakini mwaka 1999, Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kulinganisha chombo cha dukani na chupa ya plastiki ya nusu lita. Chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na cha dukani. Kikombe cha plastiki nyepesi ndicho kilishindwa.

Kuitengeneza si kazi ngumu. Chupa ya maji ya mililita 500, safi na kavu, inatobolewa kitakoni tundu la ukubwa na umbo la mdomo wa pompi. Waya wa moto unasaidia kulichonga vizuri. Pompi inaingizwa, na pembeni panazibwa kwa gundi ao utepe ili hewa isitoke. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa. Chupa inaoshwa kwa maji na sabuni ya vyombo, inaachwa ikauke yenyewe. Ikipanguswa kwa kitambaa, plastiki inavutia dawa na kuishika ukutani. Ikiwa ni mpya, ipulizwe dawa mara chache kabla ya kutumiwa.

Shambulio likianza, mtoto akae wima. Asilazwe, na wenzake wasimzunguke. Pompi inatikiswa, inapulizwa mara moja ndani ya chupa, mtoto anavuta na kutoa pumzi mara nne hadi sita bila kuondoa mdomo. Kisha inatikiswa tena, mpulizo wa pili, hivyo hivyo hadi minne. Kupuliza yote minne kwa mara moja ni kuharibu dawa. Australia inafundisha masomo zake hesabu rahisi: mipulizo 4, pumzi 4 kwa kila mmoja, kungoja dakika 4, na kama haijatulia, kurudia. Mafuta ya kupaka, maziwa na marashi havifungui njia za pumzi. Vidonge na siropu ya salbutamol vinakawia na vinatetemesha mwili zaidi.

Tatizo gumu zaidi ni funguo. Masomo nyingi zinachukua dawa za watoto na kuzifungia ofisini kwa direkta, kwa nia nzuri. Siku direkta ameitwa ku sous-division, ofisi imefungwa, pompi iko ndani na mtoto yuko nje anahema. Mtoto anayejua kuitumia aibebe mwenyewe mfukoni, na ya pili ibaki mahali ambapo mwalimu anafikia bila kuomba ruhusa. Uingereza iliona shida hii: tangu Oktoba 2014, masomo huko zinaruhusiwa kununua na kuweka pompi ya salbutamol ya dharura bila karatasi ya daktari.

Huku, walimu wanaogopa. "Nikimpa na akifa, watasema ni mimi." Woga huo unaeleweka, lakini salbutamol katika kiasi hiki inaleta mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio kwa muda, basi. Kinachoua ni kuchelewa. Karatasi moja inaweza kumlinda mwalimu: jina la mtoto, dawa na idadi ya mipulizo kama alivyoandika mwuguzi ao daktari, namba za simu za wazazi, kituo cha afya cha karibu, na sahihi ya mzazi. Ikae kwenye kaye ya mwalimu tangu mwanzo wa mwaka.

Na mtoto anayehitaji pompi ya buluu zaidi ya mara mbili kwa juma arudishwe kwa daktari. Huyo pengine anahitaji dawa ya kuzuia, inayotumiwa kila siku nyumbani, ili mashambulio yapungue.

Kama mtoto hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi, anasinzia, ao kifua kilichokuwa kinalia kimenyamaza ghafla na bado anahangaika, hapo ni hospitali, kule ambako kuna oksijeni na ile mashine. Moto iitwe mara moja, mtu mzima akae nyuma amshike, na pompi pamoja na chupa ziendelee kutumika njiani. Anayempeleka aandike mkononi saa shambulio lilipoanza na mipulizo mingapi amepewa, kwa sababu ndilo swali la kwanza ataulizwa mlangoni.