Jina la Kitu: Uluguru katika Katalogi za Ulaya

Katalogi ni nasaba ya vitu. Kama nasaba ya mtu inavyoeleza kuwa ni mwana wa nani na ametoka wapi, ndivyo katalogi ya makumbusho au ya maktaba inavyokipa kitu asili, kwao na jirani zake. Walakini nasaba huweza kuandikwa na mgeni. Na mgeni aandikapo nasaba ya nyumba asiyoijua, huwataja anaowajua yeye akawaacha wenye nyumba.

Hayo ndiyo yaliyozisibu kazi za mikono za Uluguru. Katika milima hiyo iliyouinamia mji wa Morogoro, na katika nchi za Wakwere, Wakami, Wakutu na Wazaramo ziteremkazo hadi pwani, mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti: kipande cha mti kilichochongwa mfano wa gogo dogo la mviringo, hakina mikono wala miguu, na juu yake kichwa chenye shungi mbili za nywele. Mwali alikilea kama alelewavyo mtoto. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo kipande hicho cha mti hakikuwa mchezo wa watoto, bali kilihusu uhai wa ukoo wenyewe.

Mwaka 1889 Baraza la Shirikisho la dola ya Ujerumani liliamua kwamba vitu vilivyokusanywa makoloni kwa gharama ya serikali vipelekwe kwanza kwenye makumbusho ya Berlin. Mwaka 1899 Felix von Luschan, mtaalamu wa makumbusho hayo, alichapisha mwongozo wa kuwafundisha maofisa na wasafiri namna ya kukusanya. Vitu vikaenda kwa makasha. Daftarini kikaandikwa kitu, nambari yake, mahali kilikotoka na jina la Mzungu aliyekileta. Jina la fundi aliyekichonga, mara nyingi, halikuulizwa.

Kutoka makumbusho kitu huingia kitabuni, na kitabu huingia maktaba. Huko nako kuna daftari lake. Mpango wa Melvil Dewey, uliotolewa Marekani mwaka 1876 na kuenea duniani kote, uliigawa elimu yote katika nambari. Historia ya sanaa ilipewa 709. Sanaa ya Ulaya ikapata 709.4, na karne zake zikapangwa moja baada ya moja. Lakini katika matoleo ya karne ya 20 palikuwapo pia 709.011, nambari ya sanaa za watu wasiojua kusoma na kuandika, ikiwekwa ubavuni mwa sanaa za kale kabisa. Hivyo mchongaji wa Matombo aliyeishi zama za reli na gazeti aliweza kupangwa rafu moja na watu wa mapangoni. Nambari haikumtukana kwa maneno. Ilimtoa tu katika wakati wake.

Wanahistoria wa sanaa nao, kwa miaka mingi, walishika kwamba Afrika ya Mashariki haikuwa na uchongaji wa kutajika, wakizitazama zaidi Afrika ya Magharibi na Kongo. Kitabu cha Ladislav Holy kilichotoka London mwaka 1967 kilikuwa miongoni mwa vilivyoanza kuonyesha vingine. Mwaka 1990 Marc Felix alitoa kitabu kizima chenye jina la Mwana Hiti. Mwaka 1994 likaja onyesho kubwa la uchongaji wa Tanzania huko Berlin na kisha München. Katalogi yake, iliyohaririwa na Jens Jahn, iliandikwa kwa Kijerumani na Kiswahili, na jina lake la Kiswahili likawa Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika.

Hiyo ilikuwa hatua ya heshima, wala haifai kubezwa. Lakini neno bingwa lina deni lake. Bingwa hana budi kuwa na jina, na chini ya picha nyingi za vitabu vya namna hii pameandikwa kabila tu. Na kabila lenyewe ni mpaka uliochorwa kwa kalamu. Mluguru, kwa asili ya neno, ni mtu wa milimani; mwana hiti hakusimama penye mteremko kuuliza ni wapi Mluguru ameishia na Mkutu ameanzia.

Pengine itasemwa kwamba majina hayo yamekwisha kupotea. Mfano wa Kongo unajibu. Mtaalamu wa Ubelgiji Frans Olbrechts, akitumia njia iliyozoeleka katika kuchunguza picha za Ulaya, alitambua katika miaka ya 1930 kwamba vinyago kadhaa vya Waluba vilitoka mkono mmoja, akamwita fundi wao Bingwa wa Buli. Miongo kadhaa baadaye, watu walipoulizwa huko huko kwao, likatajwa jina la mtu: Ngongo ya Chintu. Jicho la mgeni liliutambua mkono. Kinywa cha mwenyeji ndicho kilichotoa jina.

Uluguru, zaidi ya kwingi, kulistahili kuulizwa. Huko jina ni urithi kamili: kiongozi wa Kinole aliyeshika cheo cha Kingalu alilivaa na jina la Kingalu, watu wakapita na jina likabaki. Jamii iliyohifadhi majina ya watawala wake kwa njia hiyo ilikuwa na katalogi yake, isiyokuwa na karatasi, na walinzi wake walikuwa wazee wa ukoo na bibi wa unyago.

Mwaka 2024 jumba la Humboldt Forum mjini Berlin lilifungua onyesho juu ya historia za Tanzania, lililoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Mjadala wa kurudisha vitu una haki yake. Lakini kitu kikirudi na kibandiko kile kile cha zamani, kitakuwa kimerudi mgeni kwao. Kabla ya kasha na meli, inafaa orodha hizo zifike Morogoro kwa Kiswahili, zisomwe mbele ya wazee wa Mgeta, Matombo na Kinole, na pale palipoachwa wazi paandikwe watakayoyasema. Kazi hiyo haingoji mkataba wa serikali mbili. Inawangoja wazee, nao hawatangoja sana.