Gari la Mpwa Wangu

Dada yangu hanipigii simu alfajiri ila pana msiba au pana ng'ombe aliyepotea. Siku ile halikuwa hili wala lile. "Kaka," alisema, "njoo umwone mpwa wako. Fedha za vitunguu za misimu miwili amekwenda kununulia gari dogo, tena kuukuu, lina tundu juu ya boneti utadhani la kutolea moshi wa jikoni. Ukiona lafaa, sema. Ukiona halifai, litauzwa. Neno lako nitalishika, na yeye ameapa atalishika."

Nilivaa viatu nikaenda. Uani, chini ya mwarobaini, nililikuta: Subaru Impreza WRX ya mwaka 1998, rangi ya buluu, milango minne, gia za mkono, injini ya turbo. Lilikuwa limetumika Japani miaka mingi kabla ya kuteremshwa bandarini Dar es Salaam. Kijana aliniamkia, "Shikamoo mjomba," kisha akasimama kando mikono nyuma, kama mtu anayesubiri hukumu ya baraza la kata.

Sikutoa hukumu. Niliomba siku tatu. Marehemu baba yetu alikuwa dereva wa lori, mimi mwenyewe nilikuwa utingo wake nyakati za likizo, na baadaye nimeendesha magari ya watu kwa miaka mingi. Kwa hiyo sikupenda kujibu kwa hasira ya mama wala kwa tamaa ya mwana. Swali lenyewe lilikuwa dogo kwa sura. Gari dogo lenye turbo na gia za mkono lina nini hata mtu apendaye kuendesha alitamani kiasi cha kulitolea jasho la misimu miwili? Nilipolifuata swali hilo lilinirudisha nyuma sana, mpaka kwenye barabara za utoto wangu.

Msafiri wa leo anayetoka Manyoni hadi Singida, na kutoka Singida hadi Shelui, kwa saa chache tu juu ya lami, ni vigumu kumshawishi kwamba lami hiyo ni ya miaka ya 2000. Kabla yake njia ilikuwa udongo na mawe. Masika yakikaza, malori yalilala njiani siku tatu hata nne, na wanakijiji wakauza uji kwa madereva kama sokoni. Na mahali pa kumpimia dereva palikuwa mlima Sekenke, pale nchi ya juu ya Iramba inapokatika ghafla na kuteremkia mbuga za Wembere. Utingo alishuka chini na kigogo mkononi, akatembea nyuma ya gurudumu. Lori likianza kurudi nyuma, kigogo kinatupwa upesi, na Mungu anaombwa upesi zaidi.

Baba hakuwa na saa ya kumwonyesha mizunguko ya injini. Saa yake ilikuwa sikio. Alichagua gia kabla ya mlima, si katikati yake, kwa maana aliyeikosa gia pale hakupewa nafasi ya pili. Mkono wake ulikaa juu ya kirungu cha gia kama mkono wa mchungaji juu ya shingo ya fahali, unasikiliza. Siku nzima hatukuzidi wastani wa kilomita 30 kwa saa, lakini sijapata kumwona mtu aliyefurahia kazi yake kuliko yeye alipofika juu na kuzima injini ipumzike. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hudhani kupenda kuendesha ni kupenda mwendo wa kasi. La hasha. Baba alipenda kuendesha, na kasi hakuijua.

Mapenzi ya namna hiyo hiyo ndiyo yaliyofanya mashindano ya Safari yawe na jina duniani. Yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo mwanzo magari yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani, maana yalikuwa magari yale yale ambayo daktari au mwenye duka angeweza kununua. Adui hakuwa dereva mwenzako tu, bali matope, mito iliyofurika na vumbi. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, yaliondoka magari zaidi ya 80, yakamaliza saba tu.

Tanzania nayo ilikuwa na fungu lake. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa nchini, alishinda akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404. Lilikuwa gari dogo la milango minne, la aina ile ile iliyobeba abiria katika miji yetu, injini yake ya lita 1.6, na kirungu cha gia kikiwa penye usukani. Sisi watoto tulipiga miti chini tukaiita Peugeot, tukakimbia nayo kuzunguka mawe makubwa ya Singida, midomo yetu ikiwa ndiyo injini.

Kisha mambo yakabadilika. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 Safari ilikuwa imebaki Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa. Mafuta yakawa ghali na adimu. Kwetu palikuwa na amri kwamba magari binafsi yasitembee Jumapili kuanzia saa nane mchana. Katika hali hiyo, mtu aliyesema anaendesha kwa kujifurahisha angeonekana kama mtu anayemwaga maziwa mbele ya mtoto mwenye njaa. Hayo ndiyo malezi ya dada yangu na yangu. Hasira yake kwa lile gari ilikuwa na mizizi.

Sasa nije kwenye turbo. Injini hula mafuta na hewa, na hewa ikipungua, mafuta peke yake hayafai kitu. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la kuutumia moshi unaotoka. Moshi ule, badala ya kupotea bure, uzungushe gurudumu dogo lenye mapanga, na gurudumu hilo lizungushe jingine linaloshindilia hewa ndani ya injini. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, mita zipatazo 4,300, akaonyesha kwamba chombo hicho huirudishia injini nguvu inazopoteza mahali penye hewa nyepesi.

Watu wa Singida wana sababu ya kulielewa hilo kuliko watu wa pwani. Mji wetu uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama asilimia 15, na gari lisilo na turbo likipanda kutoka pwani huacha njiani karibu kiasi hicho cha nguvu zake. Lenye turbo hulipia pengo hilo. Wala turbo si mgeni kwetu. Madereva wa zamani waliijua kwa mluzi wake katika Scania zilizoandikwa "Super", na baba alikuwa akisema, "Ile inapumua kwa mapafu ya watu wawili." Malori yaliipokea kwanza, magari madogo yakafuata baadaye.

Katika Safari, gari la kwanza lenye turbo kushinda lilikuwa Toyota Celica ya Björn Waldegård mwaka 1984. Kisha, mwezi Novemba 1992, kiwanda cha Subaru kikatoa huko Japani Impreza WRX: uzito wake kama tani moja na robo, injini ya lita 2 ambayo pistoni zake nne zimelala ubavu zikitazamana, turbo, nguvu za farasi 240, gia tano za mkono, na magurudumu yote manne yakivuta. Lilitengenezwa kwa ajili ya mashindano ya barabara mbovu, na kwa kuwa kanuni zilitaka gari la mashindano litokane na linalouzwa dukani, mtu wa kawaida naye akapata la kununua. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena. Kwa hiyo gari lililokuwa chini ya mwarobaini wa dada yangu halikuwa geni kama alivyodhani. Jina lake, kwa sehemu, lilipatikana katika vumbi la Afrika Mashariki.

Siku ya tatu nilimwambia mpwa wangu, "Washa, twende Sekenke."

Tulitoka mjini tukashika lami ya kuelekea magharibi. Kijana alikuwa anajua. Klachi aliikanyaga kwa adabu, gia hazikulia. Mshale ukafika 100, ukafika 120, ukafika 140, na gari halikuniambia kitu. Kiti hakikutikisika, upepo haukupiga kelele, mikono ya kijana ilikuwa imelala. Mbele yetu palikuwa na mtu wa baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa, na ng'ambo ya barabara mbuzi watatu. Hapo ndipo nilipoogopa. Lori la baba kwenye kilomita 50 lilikwishakupigia kelele za kutosha, kila nati ikikuonya. Hili, kwa kuwa lilitengenezwa livumilie mawe, juu ya lami lilikuwa limenyamaza. Ukimya wake si usalama. "Punguza," nilisema. Alipunguza, lakini niliona usoni mwake kwamba hakujua kwa nini.

Sekenke tuliuteremka taratibu, tukageuza Shelui, tukaupanda tena kwa gia ya tatu. Chini ya mizunguko 3,000 hivi lilikuwa gari la kawaida tu, zito kidogo. Kisha nikausikia mluzi, mwembamba, ukipanda pamoja na mlima, na mgongo wangu ukasukumwa kwenye kiti kana kwamba mtu amenishika mabega. Sikujua kwamba machozi yangenitoka. Pale pale tulipopita ndipo nilipokuwa nikitembea na kigogo nyuma ya gurudumu.

Wakati wa kurudi nilimwonyesha njia ya vumbi iendayo kwenye mashamba ya alizeti. "Ingia huku. Usizidi 50." Aliinuna njia ile, akihofia rangi ya gari lake. Lakini baada ya kilomita mbili alikuwa anacheka. Hapa gari lilisema. Usukani ulimwambia penye mchanga, kiti kikamwambia penye korongo, na kwenye kona alijifunza mwenyewe kushusha gia mapema ili turbo iwe imekwisha kuamka atakapotaka kutoka. Akichelewa, injini ilikuwa imelala na kona imekwisha. Akiwahi, magurudumu manne yalishika pamoja na gari likatoka kona kama mtu anayeinuka kwenye mkeka. Mikono, miguu na masikio, vyote vilikuwa na kazi. Kwa kilomita 50 kwa saa alipata furaha ambayo lami haikumpa kwa 140.

Nikawa nimepata jibu langu. Ndiyo, gari la namna hii humvutia apendaye kuendesha, wala si ujinga wa ujana. Linamvutia kwa sababu linamhitaji. Gari la otomatiki hukubeba, lakini hili hukungoja uamue, na ukiamua vibaya halikufichi. Turbo nayo, kwa ule uchelewaji wake mdogo, humlazimisha mtu kufikiri kabla ya kona kama baba alivyofikiri kabla ya mlima. Ila furaha hiyo inatoka kwenye barabara inayomjibu dereva. Ukiliweka gari hilo kwenye lami iliyonyooka, kazi ya dereva inakwisha, inabaki kasi peke yake. Wapo vijana niliowazika walioitafuta hapo.

Sikumficha mpwa wangu upande wa pili. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinga yake kubwa ni mafuta ya injini. Anayechelewa kubadili mafuta, au anayezima injini ghafla baada ya mlima bila kuiacha ipoe kidogo, analiua gari kwa mkono wake. Gari lina umri mkubwa kuliko baadhi ya wake wa rafiki zake. Spea moja ya hilo gari inaweza kula gunia baada ya gunia la vitunguu.

Jioni tulikaa uani. Dada aliniletea kiti, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Haya, kaka."

Nilisema gari libaki hadi msimu ujao wa vitunguu. Juu ya lami asizidi 80, na vijijini 50 kama alama zinavyosema. Nikimsikia amevuka, ufunguo unakuja kwangu na gari linauzwa siku hiyo hiyo. Na Jumapili, kuanzia saa nane mchana, saa ile ambayo zamani tulikatazwa kutembea, atanipitia nyumbani twende njia za vumbi nikamfundishe alichonifundisha babu yake.

Dada alinitazama kwa muda mrefu. "Nilikuita umtoe mwanangu kwenye wazimu," alisema. "Sasa naona mmekuwa wawili. Na petroli ya hizo Jumapili, ni vitunguu vya nani?"

Nilimwambia petroli ya Jumapili ni juu yangu.